Upana wa Ufagio Mmoja

Mtu akikaa mtaani miaka tisa asigombezwe na jirani hata siku moja, basi ama ni malaika au bado ni mgeni. Wilfred Garside hakuwa malaika. Alikuwa Mwingereza wa Huddersfield, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye nyusi nzito, aliyepanga nyumba nyembamba ya mbao katika uchochoro wetu wa Kyoto, upande wa wafuma hariri, mkabala na hekalu dogo lenye mti mkubwa wa ginko. Sote tulimwita Mwalimu. Tulimsifu Kijapani chake, tulimsifu anavyokula kwa vijiti, tulimsifu hata anavyokunja mwavuli. Miaka tisa tulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akapakika.

Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kuangalia watu. Kila mwezi aliandikia gazeti dogo la mji wao kuhusu maisha ya hapa: abiria wanavyosinzia kwenye treni wakaamka kituo chao hasa, wauza duka wanavyofunga pakiti ya biskuti kwa uangalifu utadhani wanamvika mtoto mchanga nepi, mafundi wa barabara wanavyowainamia madereva waliocheleweshwa na kazi yao. Macho alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Hata habari ya kufagia aliiona mapema. Aliandika kwamba asubuhi kila mtu hapa hufagia mbele ya mlango wake, kisha huvuka mpaka akafagia na kwa jirani, upana wa ufagio mmoja, akaacha. Akasema ni desturi ya kupendeza. Kwa nini watu waishie hapo hapo, wasiongeze, hilo hakujisumbua kuuliza.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bibi Tominaga, mjane wa mfuma mikanda ya kimono, mwanamke wa miaka themanini na ushee. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo, ulimi bado umenyooka. Mwanawe wa pekee, Kiyotaka, anafanya kazi Yokohama, na kwa muda mrefu alikuwa akimbembeleza mama yake ahamie huko, kwenye nyumba ya wazee yenye bustani na wauguzi. Bibi hakutaka hata kuisikia. Mwishowe, ili mtoto anyamaze, alimwambia hivi, na mtaa mzima ulisikia kwa sababu mlango ulikuwa wazi: "Siku nitakayoshindwa kufagia mlango wangu, njoo unichukue. Sitabisha." Kiyotaka akakubali. Tangu siku hiyo sote tulijua kwamba ule ufagio wa mwanzi ndio unaomweka yule bibi nyumbani kwake. Sote, isipokuwa Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa kwao Uingereza kwa harusi ya mpwa wake, na aliporudi hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Sasa, Novemba, ginko lilipoanza kumwaga majani, Bibi Tominaga aliteleza kwenye ngazi ya jikoni akavunjika mkono wa kushoto. Hospitali wakamtia plasta mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake asubuhi alikuwa nje, ufagio ameubana kwapani, anasukuma majani kwa mkono mmoja. Akifagia hatua, anasimama kupumua, na nyuma yake majani mengine yanaanguka. Tulimwona. Kila mtu alifagia kwake na upana wake wa ufagio, akaingia ndani.

Mwalimu naye alimwona, kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi, na moyo ukamwuma. Baadaye ukamkereketa. Kwao Huddersfield, jirani akivunjika mkono, unachukua koleo unamwondolea theluji mlangoni, na mkikutana hamlitaji. Ina maana watu hawa, pamoja na adabu zao zote, wanaweza kumwangalia bibi mzee anahangaika hivi na wasinyanyue mkono? Alituona tuna roho za mawe. Akaamua kwamba atafanya yeye, tena alfajiri, kabla bibi hajaamka, ili asipate hata taabu ya kushukuru. Na tusimwonee: ilikuwa nia safi kabisa.

Asubuhi hiyo Bibi Tominaga alifungua mlango, ufagio kwapani, akakuta mbele ya nyumba yake pamesafishwa, hapana jani, pamenyunyizwa na maji. Mwalimu akachungulia, akitabasamu.

"Mwalimu," bibi alisema, akainama. "Nimekutia taabu kubwa."

"Hata kidogo, Bibi. Si chochote."

"Una moyo wa huruma mno."

"Pumzisha mkono wako tu."

Adhuhuri akagongewa mlango. Bibi alikuwa ameleta sanduku la achari ya tanipu, ya duka lile la zamani upande wa pili wa mto. Mwalimu akafurahi, akala na wali. Alfajiri ya pili akafagia tena, na mchana zikaja keki za maharage mekundu. Siku iliyofuata, mfuko wa matunda ya kaki, ya rangi ya chungwa, makubwa, kila moja limefungwa kwa karatasi yake. Mwalimu akakaa mezani akamwandikia mhariri wake kipande kitamu juu ya shukrani ya majirani wa Kijapani, namna isivyokauka.

Akaona pia kwamba bibi ameanza kuamka mapema zaidi. Siku moja walikaribia kugongana mlangoni, yeye anamaliza, bibi ndiyo anatoka, nywele hazijachanwa, na hilo kwa Bibi Tominaga si jambo dogo. Mwalimu akadhani maumivu ya mkono yanamnyima usingizi. Kesho yake akawahi zaidi. Bibi naye akawahi zaidi. Ikawa mashindano, na mmoja wao hana habari kwamba anashindana.

Ijumaa alikwenda kunyoa kwa Mama Sonobe. Mama Sonobe ndiye kinyozi wetu; kiti alirithi kwa marehemu mumewe, mdomo ni wake mwenyewe. Alimlaza Mwalimu, akampaka povu shingoni, akaufungua wembe.

"Mwalimu," akasema, "hebu niambie. Bibi Tominaga amekukosea nini?"

"Amenikosea? Hajanikosea kitu. Kila siku ananiletea vitu."

"Na wewe unakula."

"Nakula. Kwani nivitupe?"

"Tulia, nimeshika wembe. Ile achari unajua inauzwa wapi? Basi mbili kwenda, basi mbili kurudi, na mkono uko kwenye plasta. Yule hakushukuru, Mwalimu. Anakulipa. Ukifagia, anakulipa. Akilipa, wewe unafagia tena. Mtamalizana lini? Akishauza kabati?"

Mwalimu akafungua mdomo, povu likaingia.

Mama Sonobe akamweleza yote, taratibu, huku wembe unashuka shingoni: ahadi ya bibi na mwanawe, nyumba ya wazee ya Yokohama, ufagio. "Juzi Kiyotaka kanipigia simu. Kaniuliza, mama bado anafagia mwenyewe? Mimi nimwambie nini? Mtaa mzima umeona. Nikamwambia siku hizi kuna mtu anamfagilia. Anakuja Jumapili kumchukua. Keshalipia na chumba."

Mwalimu alilala pale akitazama dari. Haya ilimshika mpaka masikio yakawa mekundu. Alikuwa amemtilia yule bibi kitumbua chake mchanga, alfajiri baada ya alfajiri, na kila siku akarudi ndani akijiona mtu mwema.

"Kwa nini hamkuniambia?" akauliza.

"Nani akuambie?"

"Yeyote. Wewe. Jirani akikosea si anaambiwa? Wiki iliyopita nimekusikia unampigia kelele muuza tofu kwa sababu ya ndoo zake."

"Yule ni jirani," alisema Mama Sonobe.

Hakukusudia kumuumiza. Alikuwa anafuta wembe, neno likamtoka. Hata hivyo liliingia, na Mwalimu akalisikia mpaka ndani. Miaka tisa. Anajua jina la kila paka wa uchochoro huu.

"Nitakwenda kumwomba radhi. Sasa hivi."

"Thubutu. Ukimwomba radhi itabidi akujibu, na akikujibu atakuwa amekiri mwenyewe kwamba alifagiliwa. Kaa kimya. Wewe si Mwingereza? Nasikia hiyo kazi mnaiweza."

"Lakini watu wameshaona, Mama Sonobe."

"Wameona, ndiyo. Labda waone kingine." Akampangusa uso kwa taulo la moto, akambandua kitini.

Usiku ule Mwalimu alikula kidogo. Aliwaza kumpigia simu Kiyotaka, akaona atazidisha. Aliwaza kwenda kumwaga majani mlangoni kwa bibi ili apate ya kufagia, akacheka peke yake kwa uchungu, maana ginko lenyewe halikuhitaji msaada. Halafu likamjia jambo jingine, na hilo hakulipenda hata kidogo.

Mjue kwamba huyu mtu alikuwa na fahari moja tu hapa mjini. Si Kijapani chake, maana alijua kinakwaruza. Ilikuwa kwamba katika miaka tisa hakuna aliyeweza kusema Mwingereza mchafu. Alifagia mvua na jua. Watu wa mtaa wa pili walikuwa wakiwaambia watoto wao, mwoneni yule mzungu. Hiyo fahari ndiyo aliyokuwa anaambiwa na nafsi yake aitoe.

Jumamosi asubuhi Mwalimu hakutoka. Alilala macho wazi, mikono juu ya blanketi, akisikiliza. Ufagio wa kwanza ulikuwa wa Mama Sonobe. Kisha ukaja mwingine, mzito, wa mkono mmoja, kwaa, unapumzika, kwaa. Bibi Tominaga alifagia kwake mwanzo hadi mwisho, na hapakuwa na mtu wa kumtangulia. Akafika mpakani. Akavuka upana wa ufagio mmoja. Akaacha.

Mbele ya mlango wa Mwalimu majani yalibaki. Mchana upepo ukaongeza. Yale matunda ya ginko yanayonuka kama matapishi nayo yakaanguka, yakakanyagwa. Mwalimu alitoka kununua maziwa akayaruka bila kuyatazama. Wanawake wawili kwenye kona wakanyamaza alipopita. Muuza tofu akasimamisha baiskeli, akaangalia ule uchafu, akaangalia mlango, akatikisa kichwa. Mwalimu aliona yote kutoka nyuma ya dirisha la mbao, na mikono ikamwasha kwa hamu ya kuushika ufagio. Alijikalia juu ya mikono yake kama mtoto.

Jioni, kabla giza halijaingia, akausikia tena ufagio wa mkono mmoja. Ulikuja mpakani. Ukavuka upana wake. Haukuacha. Ulikuja, kwaa, kwaa, mpaka chini ya dirisha lake, ukazoa, ukaenda na ng'ambo ya pili. Mwalimu alikaa gizani, hakuwasha taa, hakukohoa. Kufagiliwa na mwanamke wa miaka themanini mwenye mkono uliovunjika, mtaa mzima unatazama: sasa akajua yeye mwenyewe ladha ya ile huruma yake. Ilikuwa chungu, na alimeza yote.

Bibi alipomaliza, Mwalimu akachukua kopo la biskuti za siagi alizoletewa na dada yake, akazibeba kwa mikono miwili hadi mlango wa pili.

"Nimekutia taabu kubwa, Bibi," akasema, akainama.

Bibi Tominaga akaliangalia kopo, kisha akamwangalia yeye, polepole, kuanzia soksi hadi nyusi. Wanaomjua wanasema hapo ndipo alipoelewa. Akalipokea kopo.

"Kesho upepo utakuwa mkali," akasema. "Usiamke mapema."

Jumapili Kiyotaka alifika na teksi, suti imenyooka, begi moja tupu la nguo za mama mkononi. Uchochoro haukosi shughuli ukitaka kusikia: Mama Sonobe alikuwa anafuta kioo ambacho alikuwa amekifuta tayari, muuza tofu ameona mnyororo wa baiskeli yake una walakini. Na katikati ya njia, mbele ya nyumba ya Mwingereza, alisimama Bibi Tominaga, nywele zimechanwa vizuri, plasta imefunikwa kwa kitambaa cha buluu, ufagio kwapani, anafagia. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na ndara, kakunja mabega.

"Mama," alisema Kiyotaka, "unafanya nini?"

"Huoni? Nafagia."

"Hapa si kwetu."

"Kwetu nimeshamaliza." Akaonyesha kwa kidevu. Kweli palikuwa safi kama sahani.

"Nimeambiwa Mwalimu ndiye anayekufagilia."

"Nani? Huyu?" Bibi aligeuka. "Huyu hata kwake hafagii. Mwangalie. Jua limetoka, mtu mzima yuko na ndara. Jana kaacha uchafu hapa kutwa nzima, watu wanaruka ruka kama vyura. Alinisaidia siku mbili tatu, akachoka, wanaume wote ndivyo walivyo. Sasa nafagia kwangu na kwake. Nikienda huko Yokohama kwako, huyu nani atamwangalia? Wewe?"

Kiyotaka akamtazama Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Ni kweli hayo?"

Mwalimu alikuwa ameyatayarisha maneno usiku: mgongo, umri, baridi. Yote yakamkimbia. Alimwona yule bibi ameshika ufagio, kidole gumba kimekuwa cheupe kwa kuubana, na akajua kwamba bibi anangoja jibu lake kuliko mwanawe anavyolingoja.

"Ni kweli," akasema. "Bila mama yako siwezi kukaa hapa."

Aliposema hivyo ndipo alipogundua kwamba hakusema uongo. Huddersfield hakuna mtu ambaye angejua, hata baada ya wiki nzima, kwamba mlango wake haujafunguliwa. Hapa yupo mmoja, na begi la kumchukulia hilo hapo limeshashuka kwenye teksi. Akainama, akabaki ameinama muda mrefu kupita desturi.

Kiyotaka hakuwa mtoto mbaya. Alitazama mlango wa mama yake, akatazama ule wa jirani, akamtazama Mama Sonobe, ambaye alikifuta kioo kwa bidii mpya. Tunadhani hakudanganyika hata kidogo. Lakini ahadi ilikuwa ufagio, na ufagio ulikuwa unafagia, tena nyumba mbili.

"Kuna chai, Mama?" akauliza.

"Ipo. Na biskuti za kizungu."

Alinywa chai, akabadilisha taa ya ngazi ya jikoni, akapigilia na mbao ya kushikilia ili mtu asiteleze tena. Alasiri akaondoka na begi lake tupu, na jirani yetu mmoja anaapa kwamba alikuwa anatembea mwepesi kuliko alivyokuja.

Teksi ilipokata kona, Mwalimu akasikia mlango wake unagongwa, si kwa vidole, kwa mpini wa ufagio. Alifungua. Bibi Tominaga alikuwa amesimama pale, mdogo, uso hauna tabasamu hata la dawa.

"Kuanzia kesho utafagia kwako," akasema. "Kwangu, upana wa ufagio mmoja. Ukizidisha hata jani moja, nitakuja kulirudisha."

"Ndiyo, Bibi."

"Tena chupa zako za plastiki. Miaka tisa unazitupa na vizibo. Nani unadhani alikuwa akivitoa? Mimi. Na baiskeli yako unaiegemeza kwenye ukuta wa hekalu, mtawa anaona haya kukwambia. Na ile redio yako ya watu wanaopiga makofi polepole."

"Kriketi, Bibi."

"Sijauliza jina. Na ukikutana na watu unainama mno, tunapata kazi ya kukurudishia, wengine tuna migongo mibovu. Na baridi ikija unamwaga maji njiani, yanaganda, kila mwaka namwaga chumvi mimi."

Mwalimu alisimama kizingitini na soksi zake, anapokea. Machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakuyafuta, kwa kuogopa bibi asije akadhani amemwumiza akanyamaza. Mama Sonobe, ng'ambo ya njia, alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, hajifichi tena.

Bibi Tominaga akapumua, akauhamishia ufagio kwapa la pili.

"Yapo mengine?" Mwalimu akauliza.

"Yapo mengi. Lakini mkono unaniuma sasa," akasema bibi. "Yaliyobaki nitakwambia kesho."

Akaingia kwake, akavuta mlango.